Uhakiki wa Programu Huria: Kutoka Barua Pepe hadi Ombi la Kuunganisha

Mwezi wa Aprili 2014 ilitangazwa kwamba OpenSSL, programu inayolinda siri ya mawasiliano katika sehemu kubwa ya intaneti, ina kosa. Kosa hilo lilipewa jina la Heartbleed. Kompyuta iliyopokea ujumbe wa aina fulani haikupima kama urefu uliotajwa na mtumaji ulikuwa wa kweli. Mdanganyifu aliweza kutaja urefu wa uongo, akarudishiwa hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya kompyuta hiyo, pengine pamoja na maneno ya siri yaliyokuwamo. Kosa hilo lilikuwamo tangu toleo la Machi 2012. Maandishi ya programu hiyo yalikuwa wazi kwa kila mtu, na mhakiki aliyapitia mabadiliko yale kabla hayajapokelewa. Hata hivyo kosa halikuonekana.

Madhumuni ya makala haya ni kueleza jinsi uhakiki wa programu unavyofanywa, kwa nini miradi mingi imeacha kuufanya kwa barua pepe, na ni jambo gani ambalo chombo kipya hakiwezi kulibadili.

1. Kiraka ni nini?

Programu huria ni ile ambayo kila mtu ameruhusiwa kuyasoma maandishi yake ya asili, kuyabadili na kuyagawa. Anayetaka kuirekebisha hatumi programu nzima, bali hutuma tofauti tu kati ya maandishi ya zamani na mapya. Tofauti hiyo tutaiita kiraka. Tuseme programu ya shule inakokotoa wastani wa alama za darasa:

− wastani = jumla / 40
+ wastani = jumla / idadi

Alama ya kutoa yaonyesha mstari unaoondolewa. Alama ya kujumlisha yaonyesha mstari unaowekwa. Kiraka kamili huwa pia na mistari michache ya jirani, ili mahali pa kukishonea pajulikane. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa programu iitwayo patch, ambayo hufanya kazi hiyo ya kushona.

Mhakiki akikisoma kiraka chetu atauliza: Je, idadi ikiwa sifuri itakuwaje? Swali la namna hiyo ndilo moyo wa uhakiki.

2. Njia ya barua pepe

Kwa kuwa kiraka ni maandishi, huweza kusafiri ndani ya barua. Mwandishi hukituma kwa wanachama wa mradi. Mhakiki hujibu, akiandika maoni chini ya mstari unaohusika. Mwandishi hutuma toleo la pili, pengine na la tatu, mpaka mtunzaji wa mradi aridhike. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 na ambayo ndiyo kiini cha simu za Android, bado huhakikiwa zaidi kwa njia hii.

Njia hii ina faida. Haihitaji zaidi ya anwani ya barua pepe, na kila mwanachama hubaki na nakala ya mjadala. Lakini barua haijui hali ya kiraka. Je, kimepokelewa, kimekataliwa, au kimesahauliwa? Jibu hubaki kichwani mwa mtunzaji. Aidha, baadhi ya programu za barua hukata mistari mirefu au hubadili nafasi kati ya maneno, na kiraka kilichoharibika hivyo hukataa kushonwa.

3. Mfano wa Wine

Mradi wa Wine ulianza mwaka 1993. Kazi yake ni kuwezesha programu za Windows kutumika katika Linux na mifumo mingine. Kwa miaka mingi viraka vyake vilitumwa kwa barua pepe. Ili visipotee, wanachama walitengeneza ukurasa wa kuorodhesha viraka na hali zao, pamoja na mtambo wa kuvijaribu. Hivyo walikwisha kuanza kujijengea kile ambacho barua ilikikosa.

Mwaka 2022 mradi huo ulihamia mfumo wa GitLab, uliowekwa katika seva ya mradi wenyewe. Tangu hapo kazi hufuata hatua hizi:

(a) Mwandishi huweka mabadiliko yake katika tawi la pekee, kisha hufungua ombi la kuunganisha tawi hilo na shina.
(b) Kompyuta huijenga programu na kuijaribu bila kungoja mtu.
(c) Wahakiki huandika maoni kando ya mstari unaohusika.
(d) Marekebisho huingia katika ombi lile lile.
(e) Mtunzaji akiridhika, tawi huunganishwa na ombi hufungwa.

Waliozoea barua hawakutupwa: kilitengenezwa chombo cha kuyapeleka maombi hayo kwa barua pepe pia.

4. Gharama ya njia mpya

Mchangiaji sasa hana budi kujiandikisha kwenye seva. Seva ikizimika, mjadala husimama. Maandishi ya programu yenyewe hayapotei, kwani mfumo wa Git, uliobuniwa mwaka 2005, humpa kila mchangiaji nakala kamili. Lakini kumbukumbu ya mjadala, yaani sababu za kila uamuzi, hukaa mikononi mwa mwenye seva. Kwa hiyo yafaa mradi ujiulize mapema ni nani anayeimiliki.

5. Jambo lisilobadilika

Mtambo wa majaribio hujibu maswali uliyoulizwa tu. Kama hakuna aliyeandika jaribio la darasa lisilo na mwanafunzi, kiraka chetu kitafaulu. Vivyo hivyo, kuijaribu OpenSSL kwa ujumbe wenye urefu wa kweli kusingefichua kosa lolote. Ombi la kuunganisha hulinda swali la mhakiki lisipotee. Haliwezi kuliuliza kwa niaba yake. Kazi hiyo yamhitaji msomaji makini, na mwanafunzi aweza kuanza kujifunza usomaji huo akiwa bado darasani.

Zoezi

1. Andika kiraka cha pili kitakachozuia kugawa kwa sifuri katika mfano wetu.
2. Badilishaneni viraka. Kila mmoja aandike swali moja ambalo mwenzake hakulifikiria.
3. Jadilini: shule yenye umeme wa kukatikakatika ingefaa kutumia njia ipi, na kwa nini?