SOMO: MTAMBO WA KUZUIA GARI KUSEREREKA NA WAJIBU WA CHAMA

Kila msimu wa kahawa, magunia ya maganda husafirishwa kutoka maghala ya vyama vya msingi vya Muleba na Bukoba Vijijini hadi mjini Bukoba kukobolewa. Njia nyingi za vijijini ni za udongo, miteremko ni mingi, na mvua ya kandokando ya ziwa ni kubwa. Gari likipinduka, wakulima hupoteza mali, na pengine watu hupoteza maisha. Kwa hiyo kamati inayonunua au kukodi gari haina budi kuuelewa mtambo wa elektroniki wa kudhibiti uthabiti wa gari.

Jinsi unavyofanya kazi

Mtambo huu ulianza kufungwa katika magari ya abiria ya Ujerumani mwaka 1995. Mwaka 1997, gari dogo la Mercedes-Benz A-Class lilipinduka nchini Sweden lilipojaribiwa kwa kukwepeshwa ghafula, kana kwamba mnyama amekatiza barabara. Baada ya hapo kampuni ilifunga mtambo huo katika magari yote ya aina hiyo.

Vipimo vyake husoma mwendo wa kila gurudumu, pembe ya usukani na jinsi gari linavyozunguka. Dereva akikata kona kushoto, nalo gari likazidi kuserereka mbele, mtambo hukaza breki ya gurudumu la nyuma la kushoto na kupunguza nguvu ya injini, ili gari lirudi katika mwelekeo wa usukani.

Mipaka yake

Mtambo hauongezi mshiko wa tairi. Tairi kipara litateleza tu. Wala haufuti kosa la upakiaji: magunia yakirundikwa juu mno, gari hupinduka hata kwa mwendo mdogo. Lori lililotengenezwa kabla ya mwaka 1995 halikutoka kiwandani na mtambo huu, hata likipakwa rangi mpya.

Wajibu wa katibu na kamati

1. Swichi ifunguliwe kabla ya kununua. Taa yenye picha ya gari linaloserereka iwake, kisha izimike. Isipowaka kabisa, au ikibaki inawaka, fundi apime kwanza.
2. Tairi ziwe na meno, na ukubwa wake uwe ule ulioagizwa na kiwanda.
3. Magunia yapangwe sawasawa, yafungwe kwa kamba, na uzito wake usizidi kiasi kilichoruhusiwa kwa gari hilo.
4. Mtu yeyote asipande juu ya mzigo.
5. Dereva aingize gia ndogo kabla ya kuanza mteremko, si katikati yake.

Swali la majadiliano

Chama kimeletewa malori mawili ya bei moja. La kwanza lina mtambo huu, lakini tairi zake ni kipara. La pili halina mtambo, ila breki na tairi zake ni nzima. Fedha iliyopo haitoshi kununua tairi mpya. Mkutano uchague lipi, na kwa sababu gani? Jibu na sababu zake ziandikwe katika kumbukumbu za mkutano, ili wanachama wajue fedha yao ilitumikaje.