Mara ya Kwanza Rhinebeck

Swali: Naishi jimbo la New York. Oktoba hii nakwenda tamasha la kondoo na sufu la Rhinebeck. Nijiandaeje?

Jibu: Dada, vaa sweta uliyoifuma mwenyewe, hata kama mkono mmoja umezidi urefu, wenzako watakushika bega wakague mishono, na hakuna anayeona vibaya. Fedha ndiyo ya kuchunga. Sweta ya mtu mzima kwa uzi mwembamba hula mita 1,200 au zaidi, na msokoto wa gramu 100 una kama mita 400. Nunua yote pamoja, yenye namba moja ya mkupuo wa rangi. Uliotiwa rangi kwa mkono? Utazame juani kabla hujalipa. Misokoto ya chungu kimoja huweza kutofautiana. Madarasa hujaa mapema, jiandikishe sasa.