Jibini Moja ya Kutosha Nyumba Nzima

Mbele ya friji ya jibini kwenye supamaketi za Nairobi au Dar es Salaam, wengi wetu huangalia bei ya pakiti na kuchukua iliyo ndogo. Hapo ndipo tunapoliwa. Bei ya kulinganisha ni ya kilo. Tuseme pakiti ya slesi ya gramu 150 inauzwa shilingi 6,000 za Tanzania na pande la gramu 250 ni 8,500. Kwa macho slesi ni nafuu, lakini kilo yake inafika 40,000, ya pande 34,000. Ukishapiga hesabu hiyo, mimi nasema chukua pande zima la Gouda changa, na kwa nyumba nyingi hiyo moja inatosha.

Sababu ya kuchagua Gouda iko kwenye utengenezaji. Maziwa yakishaganda na kukatwakatwa, sehemu ya maji yake humwagwa na mabonge huoshwa kwa maji ya moto. Sukari ya maziwa hupungua, bakteria hukosa chakula cha kutengenezea asidi nyingi, na jibini hutoka laini, yenye utamu wa mbali badala ya uchachu. Huliwa hata na watoto wanaokunja uso wakionjeshwa chedari kali. Ikipata moto huyeyuka vizuri: kwaruza kiasi cha kiganja juu ya mayai yakiwa bado yanatetemeka katikati, funika kikaango, zima moto, subiri dakika moja. Inafaa kwenye chapati, makaroni na viazi vya kuponda, na ikikatwa nyembamba inakwenda na mkate bila kupikwa. Mozarela, ambayo karibu nusu yake ni maji, huvutika vizuri kwenye piza, lakini kwenye mkate mtupu imepooza.

Slesi zina watetezi wake, nami sibishi kwamba ni rahisi kutumia. Nyingi za zile zinazofungwa moja moja ni jibini iliyosindikwa, yaani iliyoyeyushwa na chumvi maalumu ili mafuta na maji visitengane. James L. Kraft alipata hataza ya njia yake ya kusindika jibini Marekani mwaka 1916. Si sumu, na kwenye baga ni tamu. Ila soma lebo: mafuta ya mimea yakitajwa, unalipia kitu kingine. Iliyokwaruzwa kiwandani nayo mara nyingi huwekwa wanga au selulosi isishikane, na sosi yake hailainiki sawasawa.

Pingamizi zito ni kwamba jibini yenyewe ni anasa. Kweli, kilo moja hula takriban lita 10 za maziwa. Basi itumie kama kiungo, gramu 30 kwa mlaji, si kama kitoweo. Na umeme ukikatika? Gouda hustahimili kuliko mozarela mbichi. Ifunge kwa karatasi ya kuokea kwanza, kisha mfuko. Nailoni peke yake huitoa jasho. Ukungu ukitokea, kata sentimita 2.5 kuuzunguka bila kisu kuugusa, iliyobaki inalika. Iliyobaki nyingi ikwaruze, uigandishe kwenye friza; itakuwa ya kupikia tu, maana barafu ikiyeyuka humong'onyoka. Paniri sijaitaja kwa sababu haiyeyuki, na kwa maziwa na ndimu unaitengeneza mwenyewe jikoni.