Mwiko wa Namba na Majina ya Bidhaa katika Asia ya Mashariki

1.0 Utangulizi

Katika taaluma ya isimu imezoeleka kusema kuwa uhusiano baina ya neno na maana yake ni wa nasibu. Msimamo huo, uliotiliwa nguvu na mafundisho ya Ferdinand de Saussure, haukanushiki kwa wepesi. Hata hivyo, maneno mawili yanapokaribiana kwa sauti, moja huweza kulitia doa au kulipamba jingine. Makala hii inachunguza jambo hilo kwa kuangalia mwiko wa namba katika Asia ya Mashariki na athari yake katika majina ya bidhaa. Hoja inayotetewa ni kwamba chimbuko la mwiko huo ni fonolojia wala si hesabu.

2.0 Msingi wa Kifonolojia

Katika Kimandarini, 4 ni sì, na kufa ni sǐ. Tofauti yake ni toni tu. Katika Kikantoni maneno yote mawili ni sei, nayo pia hutenganishwa kwa toni. Kijapani na Kikorea zilikopa maneno hayo kutoka Kichina bila toni zake; kwa hiyo shi ya Kijapani na sa ya Kikorea zimekuwa homonimu kamili, zenye maana ya nne na ya kifo.

Kijapani, hata hivyo, kina akiba ya pili: namba za asili. Msemaji huweza kusema yon badala ya shi, na watu wanne huitwa yonin, kwani shinin ni mfu. Hii ni tasfida iliyokwisha kuingia katika sarufi ya kila siku.

Kwa upande wa heri, 8 ni baat katika Kikantoni, neno linalokaribiana na faat, yaani kustawi. Michezo ya Olimpiki ya Beijing ilifunguliwa tarehe 8 Agosti 2008, saa 8 usiku kwa hesabu ya huko. Kwa hesabu ya Waswahili hiyo ni saa 2. Baraka ya saa inapotea mara tu lugha inapobadilika.

3.0 Athari katika Majina ya Bidhaa

Gari la Alfa Romeo 164 liliuzwa katika baadhi ya masoko ya Asia kwa jina la 168, namba ambayo kwa Kichina husikika kama kustawi njia nzima. Kamera za Canon PowerShot zilitoka G3 mwaka 2002 zikaenda G5 mwaka 2003. Simu za OnePlus zilitoka 3T mwaka 2016 zikaenda 5 mwaka 2017. Mwaka 2003, Sichuan Airlines ilinunua mnadani namba ya simu 8888-8888 kwa yuan milioni 2.33.

Mifano hii inaonyesha sifa ya pekee ya tarakimu. Neno la kawaida huvuka mpaka likiwa na sauti yake. Tarakimu huvuka ikiwa kimya, kisha husomwa kwa sauti ya mwenyeji. Mtengenezaji wa Italia aliandika 164 bila kukusudia kutamka neno lolote la Kichina, lakini mnunuzi alilisikia.

4.0 Mipaka ya Mwiko

Isidhaniwe kuwa mwiko huu ni sheria. Xiaomi, kampuni ya Kichina, ilitoa simu ya Mi 4 mwaka 2014, na Audi A4 imeuzwa nchini China. Mfuatano wa matoleo na sifa ya jina lililokwisha kujulikana vinaweza kuushinda mwiko.

5.0 Hitimisho

Kiswahili nacho kina namba za asili mbili: tisa yenye asili ya Kiarabu iko pamoja na kenda ya Kibantu. Lakini nne haifanani na kufa wala mauti, na uwili huo haukuzaa tasfida kama ya Kijapani. Kuwa na maneno mawili hakutoshi. Lazima sauti igongane na jambo linaloogopwa. Kwa mfasiri na mwundaji wa istilahi, funzo ni kwamba jina halijakamilika mpaka litamkwe kwa kinywa cha atakayelitumia.