Majivu ya Jiko la Kuni: Tuzoe kwa Mashine au kwa Debe?



Somo letu la mara hii latoka Mkongani. Huko kuna kikundi cha akina mama wanaopikia watoto wa shule chakula cha mchana. Jiko lao ni kubwa, la matofali, lina wavu wa chuma na bomba la moshi. Kila siku linakula kuni, na kila siku linatoa majivu.

Tulipowatembelea tulikuta wamegawanyika. Katika sanduku walikuwa na akiba kidogo. Mwanachama mmoja ana kijana anayefanya kazi hotelini Diani, naye alileta habari kwamba kuna mashine ya kuvuta vumbi inauzwa, iliyokwisha kutumika. Ile ambayo wafanyakazi wa hoteli huiita vakyumu. "Tununue," wakasema wengine, "tuache kukohoa kila asubuhi." Wengine wakasema, "Pesa zetu zitaliwa na majivu!" Mwenyekiti akatugeukia: "Nyinyi mwasemaje?"

Hatukujibu mara moja. Tuliomba kwanza twende jikoni tukaangalie.

TUANGALIE

Ilikuwa asubuhi. Jiko lilikuwa halijawashwa tangu chakula cha mchana wa jana. Juu majivu yalikuwa meupe, na ukiweka mkono karibu husikii joto lolote. Mama mmoja mtu mzima akachukua nyuzi kavu za makumbi ya nazi, akazichomeka katikati ya lile jivu. Tukasubiri kidogo. Moshi ukaanza kutoka!

Mama akacheka. "Wahenga walisema moto huzaa jivu. Lakini jivu nalo hulea moto."

Alisema kweli. Jivu ni kama blanketi. Linazuia joto lisitoke na linazuia hewa isiingie kwa wingi, hivyo kaa lililofunikwa haliishi upesi. Linaweza kubaki hai siku mbili, tatu, hata nne. Ndiyo maana zamani mama zetu walifukia kaa jioni ili asubuhi wapate moto bila kiberiti. Tulilijua jambo hili tukitafuta moto, tukalisahau tukizoa majivu.

Hapo ndipo mwanachama mwingine akakiri kwamba mwezi uliopita alizoa majivu kwa ndoo ya plastiki, akaiweka kando ya banda la makuti. Usiku ndoo ikayeyuka. Upepo ungevuma, banda lingekwenda pamoja na mahindi.

TUPIME

Sasa turudi kwenye mashine. Mashine ya kawaida ya kuvuta vumbi haifai kabisa kwa majivu. Sababu ni hizi:

1. Ndani yake mna mfuko wa karatasi au kitambaa, na mwili wake ni plastiki. Kaa dogo kama punje ya mtama likivutwa humo, lakuta hewa nyingi inayopita kwa nguvu. Ni sawa na kulipulizia kwa mvukuto. Mfuko unashika moto.

2. Jivu ni laini kuliko vumbi la nyumba. Linaziba chujio upesi, na lile lililo laini zaidi linapenya na kutoka nyuma ya mashine. Basi utakohoa vilevile.

3. Inakula umeme. Mashine ya wati 1,000 ikifanya kazi saa moja inamaliza uniti 1 nzima. Kwenye paneli ndogo ya sola ya kuwashia taa haitafanya kazi.

Je, hakuna mashine ya majivu? Ipo. Hutengenezwa hasa kwa ajili ya nchi za baridi, ambako watu huota moto wa kuni ndani ya nyumba. Kama mwafanya kazi mahali penye jiko la kuni na umeme wa kutosha, na tajiri akawauliza achague ipi, mwambieni atazame haya: pipa lake liwe la chuma, mpira wake uwe na chuma ndani, chujio liwe la kuhimili joto na kushika vumbi laini, na iwe imeandikwa kwamba ni ya majivu. Hata hiyo nayo ni ya majivu yaliyopoa. Watengenezaji wengi husema yasizidi joto la nyuzi 40, yaani vuguvugu tu. Kwa hiyo hata mwenye mashine bora hana budi kusubiri.

Tazameni basi: subira haina bei, na ndiyo nusu ya kazi.

TUFANYE

Haya ndiyo tuliyokubaliana pamoja na kikundi:

1. Zoa asubuhi kabla ya kuwasha, si baada ya kupika. Usiache majivu yajae chini ya wavu. Yakijaa, hewa haipiti, kuni zinatoa moshi mwingi na chakula kinachelewa.

2. Tumia pauro ndogo ya chuma na debe la bati lenye mfuniko. Fundi yeyote wa mabati aweza kulitengeneza. Liwe na mshikio wa chuma, na miguu mifupi ili lisikae juu ya kitu kinachoungua. Plastiki, kikapu, gunia na katoni ni marufuku.

3. Teka polepole, shusha pauro ndani ya debe kabla ya kumwaga. Usifagie kwa nguvu. Funga leso puani na mdomoni, na watoto wakae mbali.

4. Funika debe, liweke nje juu ya mchanga au jiwe, angalau mita 3 kutoka kwenye nyumba, banda au kuni. Usilale nalo ndani hata kama kuna mvua. Kaa lililo hai hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu usingizini.

5. Liache siku nne. Ndiyo maana madebe mawili ni bora kuliko moja: moja linajazwa, jingine linapoa. Kile kipimo cha makumbi ni cha kutuonyesha hatari tu. Yasipotoa moshi, usidhani umepona.

6. Usimwage maji kwenye jiko la moto. Mvuke na jivu vitakurukia usoni, na udongo wa jiko utapasuka. Tena maji ya jivu ni makali, huchoma ngozi na macho. Yakikupata, osha kwa maji mengi safi.

Majivu yakipoa ni mali. Mchanga wa upande wa Shimba Hills una uchachu na umechoka. Jivu hupunguza uchachu na kurudisha chokaa na potasi, ambayo minazi na mihogo huihitaji sana. Nyunyiza kidogo tu, kisha changanya na udongo. Lakini wenzetu wa Diani na Msambweni wenye udongo wa matumbawe wasitie, kwani una chokaa ya kutosha tayari. Usichanganye na samadi mbichi, utapoteza nguvu yake. Chooni pia jivu hupunguza nzi na harufu. Jivu la mbao zilizopakwa rangi au nguzo zenye dawa lisiende shambani kamwe.

Kikundi cha Mkongani kilipiga kura. Wakaagiza madebe mawili na pauro kwa fundi, na akiba iliyobaki ikarudi sandukuni. Yule mama wa ndoo ya plastiki ndiye aliyechaguliwa kusimamia majivu.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, nani huzoa majivu, na kwa chombo gani? Je, ni watoto?

2. Jana usiku majivu yetu yalilala wapi? Kuna makuti karibu?

3. Je, tumewahi kununua kitu kwa sababu ni cha kisasa, kabla ya kuuliza kama chafaa kazi yetu? Tulijifunza nini?

4. Wiki hii tutafanya nini, nani atafanya, na lini?