KIUNGULIA: DAWA ZA KUPUNGUZA ASIDI ZINAFANYA NINI?



Wengi hufika zahanati wakisema, "Kifua kinaniwaka," hasa wakishakula maharage usiku na kulala. Mara nyingi hicho ni kiungulia.

Tumbo hutoa asidi ya kusaga chakula. Tumbo lenyewe huivumilia, lakini njia ya chakula itokayo kooni haiivumilii. Kati yake kuna msuli unaojifunga kama mdomo wa mfuko. Msuli ukilegea, asidi hupanda na kuunguza. Akina mama wajawazito hupatwa sana.

Dawa hazifungi msuli huo. Zinapunguza asidi tu, ili mahali palipoungua papone. Vidonge vya kutafuna vya magnesiamu au aluminiamu huvunja ukali wa asidi iliyokwisha kutoka. Nafuu huja upesi, lakini haikai. Usivimeze pamoja na vidonge vya kuongeza damu wala doksisaikilini, kwani vinazizuia kuingia mwilini. Acha saa mbili katikati.

Omeprazoli ni tofauti: inazuia tumbo lisitengeneze asidi nyingi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaimeza usiku moto ukishawaka, hawaoni kitu, kesho wanavuka mpaka pale Busia au Malaba kutafuta dawa nyingine. Kwa kawaida mtu mzima hupewa miligramu 20 mara moja kwa siku, nusu saa kabla ya chai ya asubuhi. Imeze nzima, usiitafune. Nafuu kamili huchukua siku kadhaa, na dawa huendelea kama wiki nne. Na vile vidonge vilivyokatwa na mkasi, bila jina wala tarehe ya kuharibika, viacheni dukani.

Kula mapema, saa tatu kabla ya kulala. Mwenye kitanda aweke matofali chini ya miguu ya upande wa kichwa. Wa mkekani alalie ubavu wa kushoto. Anayetumia aspirini, ibuprofeni au diklofenaki amwambie mganga, maana zinaumiza tumbo.

Ukitapika damu, ukipata choo cheusi kama lami, chakula kikikwama, au maumivu ya kifua yakienda mkononi au tayani pamoja na jasho, usimeze dawa ya kiungulia ukangoja. Njoo zahanati hata usiku. Yakikukuta sokoni Busia au Tororo, nenda hospitali ya huko huko.