Mimea ya Vinamasi vya Mlima Kenya na Maji ya Mto Naro Moru

Mpanda mlima anayefuata njia ya Naro Moru huanza kunung'unika muda mfupi baada ya kuondoka Met Station, mita 3,050 juu ya usawa wa bahari. Msitu unakwisha, na mbele yake kuna mteremko mrefu wa tope. Waelekezi wa watalii wanauita Vertical Bog, yaani kinamasi kilichosimama wima. Jina hilo linachekesha, kwa sababu kinamasi ambacho wengi wanakijua kiko bondeni, mahali maji yalipotuama. Hapa hayajatuama. Yanashuka polepole chini ya nyayo za mtu, ndani ya udongo mweusi ulioshikwa na mizizi, hadi yatakapoingia katika mikono ya Mto Naro Moru.

Kwa mkulima wa Kieni anayesubiri maji ya mto huo mwezi wa Februari, mimea inayoota katika tope hilo si jambo la watalii peke yao.

Wataalamu hutenganisha vinamasi kwa chanzo cha maji yake. Kuna vile vinavyolishwa na mvua tupu. Maji ya mvua yana madini machache mno, hivyo udongo wake huwa mchachu na mimea yake ni michache. Kuna pia vile vinavyolishwa na maji yaliyokwisha kupita ardhini: mvua, umande na theluji iliyoyeyuka hupenya kwenye nyufa za miamba, hubeba chembe za madini, kisha huchomoza tena mlimani kama chemchemi au jasho la ardhi. Aina hii ya pili ndiyo inayopatikana penye miteremko na mabonde ya milima, na mimea yake hufuata madini yaliyomo katika maji.

Katika milima ya Alps huko Ulaya, kwa mfano, maji hupita kwenye mawe ya chokaa. Vinamasi vyake vina ndago fupi fupi, okidi na maua madogo ya aina nyingi yakiwa yamebanana. Wengi hudhani kwamba madini mengi maana yake ni mbolea nyingi. Sivyo. Chokaa hushika fosforasi na kuifanya iwe adimu kwa mizizi, kwa hiyo hakuna mmea unaonenepa na kuifunika mingine. Umaskini huo wa mbolea ndio unaoipa nafasi mimea midogo.

Mlima Kenya ni volkano ya kale, na miamba yake ina sodiamu na potasiamu zaidi kuliko chokaa. Basi hapa orodha ya mimea ni nyingine. Mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, Olov Hedberg, alipoeleza uoto wa vilele vya Afrika Mashariki mwaka 1964, aliugawa katika makundi makuu matano, na moja kati ya hayo ni la vinamasi vya ndago. Mwenye kundi hilo ni Carex monostachya, ndago yenye majani membamba ambayo hukua kwa mashungi yaliyoinuka juu ya maji. Wapagazi huruka kutoka shungi moja hadi jingine ili wasilowe. Katikati ya mashungi kuna vidimbwi na kuvumwani, ile mimea laini ya kijani inayofunika mawe yenye unyevu, pamoja na Alchemilla johnstonii, ambayo hutambaa chini na majani yake yamekunjika kama feni.

Anayepanda hadi Bonde la Teleki, karibu na kambi ya Mackinder kwenye mita 4,200, anaweza kujua maji yalipo bila kuchimba. Sakafuni mwa bonde, penye unyevu, huota Lobelia keniensis. Kwenye mteremko mkavu wa pembeni huota ndugu yake, Lobelia telekii, mwenye mkia mrefu wa manyoya. Senesio nao wamegawana ardhi vivyo hivyo. Dendrosenecio keniensis, mfupi na mwenye majani mapana kama ya kabichi kubwa, hupenda tope. Dendrosenecio keniodendron, ule mrefu wenye shina kama mti, husimama juu zaidi mitelemkoni.

Lobelia ya bondeni inastahili kutazamwa kwa utulivu. Majani yake yamepangwa kama bakuli, na bakuli hilo limejaa maji. Usiku baridi hushuka chini ya kiwango cha kuganda karibu kila siku ya mwaka, lakini ni tabaka la juu tu la maji hayo linalogeuka barafu. Chini yake maji hubaki maji, na chipukizi lililo katikati haligandi. Mmea mmoja huwa na mabakuli kadhaa yaliyounganishwa na shina lililo ardhini. Bakuli moja likitoa ua hufa, mengine huendelea. L. telekii wa mteremkoni hana bahati hiyo: hukua kwa miongo kadhaa, hutoa ua mara moja, na kufa. Mtafiti Truman Young, aliyezichunguza lobelia hizi kwa miaka mingi, aliihusisha tofauti hiyo na maji. Penye ukavu mmea huchukua muda mrefu mno kabla ya kupata nguvu ya kutoa ua la pili, na huenda ukafa kabla.

Kwa hiyo bonde likikauka kidogo tu, lobelia haingoji kukosa maji kabisa ndipo idhurike.

Na bonde hukaukaje? Mara nyingi lawama zote hupelekwa kwenye barafu ya kileleni. Ni kweli barafu hiyo imepungua sana tangu Halford Mackinder afike kilele cha Batian mwaka 1899. Lakini sehemu kubwa ya maji ya mito ya mlima huu hutokana na mvua, siyo barafu, na njia ambayo mvua hiyo inapita ardhini ni jambo ambalo watu wanaweza kuliharibu kwa miguu yao. Msafiri wa kwanza hupita katikati ya tope. Wa pili anaogopa kulowa, anazunguka pembeni. Baada ya misimu michache njia ya mtu mmoja imekuwa na upana wa barabara, ndago zimekanyagwa, na katikati pamechimbika mfereji. Mvua ikinyesha, maji hayapenyi tena kati ya mizizi. Yanafuata mfereji na kukimbilia bondeni pamoja na udongo.

Kidonda hicho hakiponi upesi. Kila usiku maji yaliyo katika udongo mtupu huganda na kuchomoza kama sindano ndogo za barafu. Sindano hizo huinua udongo, na jua la asubuhi linapoziyeyusha udongo huanguka. Mche mdogo unaojaribu kuota hung'olewa mzizi kabla haujashika. Ndiyo sababu alama za njia zilizoachwa zamani bado zinaonekana.

Moto ni tatizo la pili. Moto wa Machi 2012 ulichoma sehemu za msitu na nyika za juu. Kinamasi kilichojaa maji hakiungui kirahisi, ila kilichokwisha kunyonywa na mfereji kinaweza kushika moto chini kwa chini, kwa kuwa udongo wake ni mimea iliyokufa.

Lingine linahitaji kusemwa waziwazi. Vinamasi hulinganishwa na sifongo, na mfano huo umezidishwa. Sifongo iliyojaa hainywi tena: mvua kubwa ikikuta kinamasi kimeshiba, mafuriko yatashuka. Faida yake ni ya polepole. Huzuia udongo usichukuliwe, na huachilia maji kidogo kidogo siku zisizo na mvua. Naro Moru huungana na Ewaso Ng'iro, na katika kiangazi kila kipimo kinachochukuliwa juu ni kipimo kilichokosekana Laikipia, Archer's Post na hatimaye kinamasi cha Lorian. Vyama vya watumiaji maji vinajua ugomvi huo, na mkulima anayetaka kuchota kwa pampu au mfereji anahitaji kibali cha Mamlaka ya Rasilimali za Maji.

Kwa waelekezi, wapagazi na walimu wanaopeleka wanafunzi mlimani: gambuti ni bora kuliko viatu vya michezo. Kundi lipite kwa mstari mmoja, katikati ya tope, hata kama litafika magotini. Anayetaka kuona barafu ndani ya bakuli la lobelia awahi alfajiri, kabla jua halijafika sakafuni mwa bonde, na asiitoboe kwa kidole. Moshi ukionekana nyikani, apewe habari askari wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori aliye karibu au langoni mwa mbuga.